Majibu ya Damu

Doa lenye kitu cha mwilini ndani yake haliguswi na maji ya moto. Damu, maziwa, yai, usaha, vyote vinaanza na maji baridi, sabuni kidogo na subira. Ukivimwagia maji ya moto vinaiva ndani ya uzi, na hapo havitoki mpaka nguo ichakae. Dobi alikuwa akiwaambia hivyo wateja wake kila siku, na wengine akiwakaripia: "Nani amekutuma uchemshe? Umeshaipika, mimi sasa nifanyeje?" Kwa hiyo mkewe alipovuta chupi nyeupe ya mumewe kutoka nyuma ya gunia la mkaa, imekakamaa, mbele ina doa la manjano lililoungua kabisa kwenye pamba, kilichomshangaza zaidi hakikuwa doa. Yalikuwa yale maji ya moto.

Mtu anayejua kazi hivyo haharibu kwa kutojua. Anaharibu kwa haraka. Na katika nyumba ile hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kufua chupi moja kwa haraka. Nguo za familia zilifuliwa pamoja, katikati ya wiki, mikononi mwa mke, ambaye wateja walimwita Mama Chapchap kwa kuwa hakujua kumwambia mtu "njoo kesho." Yeye ndiye aliyepokea nguo, akatia alama ya uzi kwenye kola, akafua. Mume alipiga pasi na kupeleka mashuka gesti. Ndivyo ilivyokuwa tangu waoane.

Alimkuta mume mezani, pasi ya mkaa mkononi, shati la mwalimu limetandazwa mbele yake.

"Hii nini?"

Dobi aliitupia jicho, akarudi kwenye shati. "Chupi."

"Chupi naiona, nimeinunua mwenyewe. Nauliza hiki kilichopo hapa."

"Joto. Nasimama na pasi kutwa nzima, joto linashuka chini."

"Linashuka chini, halafu linatoka la manjano?"

"Mama watoto, kuna mteja nje."

"Mteja atasubiri. Unakojoa vizuri?"

Mkewe alisogea, akashika mkono wake na kuunyanyua pamoja na pasi. "Utaunguza shati la watu. Nimekuuliza, unakojoa vizuri?"

"Kunachoma kidogo."

"Kidogo?"

"Nimesema kidogo!" Halafu, kama mtu anayemtishia mwenzake mahakama akiamini ataogopa, akaongeza, "Kama una wasiwasi, tukapime. Wote wawili, siyo mimi peke yangu."

"Twende," mkewe alisema.

Dobi hakulitegemea jibu hilo. Alisimama ameshika pasi hewani, majivu yakimdondokea kwenye kiatu.

* * *

Zahanati Dobi hakutaka hata kuisikia. Wanaume wenzake waliwahi kumwambia kwamba kule unavuliwa suruali, kisha unaingizwa kijiti mahali ambapo hata mawazo hayapaswi kuingia, na mmoja aliapa kwamba aliingizwa kitu mfano wa spoki ya baiskeli. Aliyesimulia alikuwa mwongo anayejulikana. Hata hivyo Dobi alikuwa amelala na ile spoki kichwani tangu alipoanza kuumwa.

Basi wakaenda maabara ya mtu binafsi, chumba kimoja kati ya saluni na fundi simu. Mtu wa maabara alivaa koti jeupe ambalo Mama Chapchap aliona halijawahi kukutana na dobi. Alikuwa mcheshi. Alieleza kazi yake kama anayeuza sufuria.

"Hapa hakuna kuvua, hakuna kijiti. Ni mkono tu. Mwili ukikutana na kijidudu unatengeneza askari wake, wanaitwa kingamwili. Sisi tunawatafuta hao askari kwenye damu. Tukiwakuta, adui alipita. Hiki tunachokitafuta kinaitwa klamidia, ndicho kinachosumbua wanaume wengi kwenye njia ya mkojo. Siku hizi kimezidi hata kisonono."

"Lakini anayeumwa ni yeye," Mama Chapchap alisema. "Kwa nini usimwangalie panapouma?"

"Mama, damu inazunguka mwili mzima. Kila kitu inakijua."

Dobi alishaanza kukunja mkono wa shati. Pesa waliyolipa ilikuwa ya mkaa wa wiki, na wiki ile walipiga pasi kwa mkaa wa kukopa kwa jirani, lakini hilo lilikuwa dogo kulinganisha na yaliyofuata.

Kesho yake walirudi. Mtu wa maabara aliwapa kila mmoja karatasi yake na kuwasomea, maana watu wengi hupenda kusomewa. "Mzee, hasi. Yaani huna, uko safi. Mama..." Alikohoa. "Mama, wewe ni chanya. Askari wapo, tena wa kutosha."

Mama Chapchap alicheka. Alidhani karatasi zimebadilishwa, kama nguo zinavyobadilishwa alama ikikatika. "Angalia vizuri. Anayetokwa na usaha ni huyu."

"Majina ndiyo hayo, mama, na mishipa niliichoma mwenyewe. Kipimo ni kipimo. Yake huenda kweli ni joto tu."

"Si nilisema?" Dobi alisema.

Maneno yalimtoka kabla hajajua kama yatatoka. Alikuwa anajua alichofanya. Alijua chumba cha mashuka cha gesti, kilivyokuwa na giza mchana na harufu ya sabuni, na yule mwanamke mtunza mashuka alivyofunga mlango kwa mguu huku mikono yake imebeba foronya. Alijua kwamba ni wiki mbili tu zilizopita na kwamba maumivu yalimfuata muda mfupi baadaye. Alikuja pale tayari kwa fedheha, ameshatunga namna ya kupiga magoti. Badala yake akapewa karatasi yenye mhuri inayosema yuko safi. Ni wanaume wachache ambao wangeirudisha.

Aliikunja, akaitia mfuko wa shati, kona moja ikabaki nje.

* * *

Mama yake Dobi alikuwa akiishi nao chumba cha pili, mjane mpole aliyeumwa magoti. Alikuwa amesikia ugomvi wa chupi kupitia ukutani, kwa hiyo waliporudi alimwita mwanawe.

"Wamesemaje?"

"Niko safi, mama."

"Alhamdulillahi. Na mwenzio?"

Dobi aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Mama yake akaelewa.

Siku hiyohiyo jioni dada yake alikuja. Huyu alikuwa mkubwa kwa Dobi, anakaa mtaa wa pili, na alipenda kuitwa pakitokea shida kuliko alivyopenda kuitwa kwenye shughuli. Hakukaa. Alisimama katikati ya ua, akaomba karatasi zote mbili, akazisoma kwa kuzinyoosha mbali na macho.

"Wifi," alisema, "mimi sitaki kelele. Nataka kujua tu, ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyekupa. Maana kaka yangu hana. Imeandikwa."

"Kaka yako ndiye anayetokwa na usaha, wifi. Mimi siumwi popote."

"Ndivyo wanavyosema, wanawake mnabeba bila kuumwa. Halafu unamvalisha mwenzio aibu yako. Chupi yake unaitembeza dukani, kumbe!"

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika, ila hakuna aliyepiga kelele. Kikombe cha Mama Chapchap kilitengwa, kikawekwa dirishani kikiwa kimegeuzwa juu chini. Akitoka chooni, wifi, ambaye sasa alikuja kila siku, alipita nyuma yake na kopo la dawa ya kusafishia. Binti yao wa darasa la tatu aliambiwa na bibi yake, kwa sauti ya upole, asikalie kigoda cha mama. "Kwa nini?" mtoto akauliza. "Kimevunjika," bibi akasema. Mtoto akakigeuza, akakitikisa miguu yote mitatu, akasema, "Mbona kizima?"

Nguo zake alianza kuzifua peke yake, katika beseni lake. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kikombe. Katika maisha yake alikuwa amefua nguo za wagonjwa, za walevi, za maiti, na hakuwahi kutenga hata soksi.

"Na mashati ya watu je?" wifi alimwambia kaka yake dukani, akijua mwenyewe anasikia. "Hayo si yanapita mikononi mwake? Watu wakijua, utafunga duka. Bora aende kwao mapema. Nimeshampigia kaka yake, anakuja Jumamosi asubuhi. Mtoto atabaki kwa bibi yake."

Dobi alipuliza makaa, cheche zikaruka. "Sijasema aende."

"Hujasema abaki."

Ni kweli, hakuwa amesema.

* * *

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa anaoza. Asubuhi alikojoa kwa awamu, kiganja kimoja ukutani, meno yameuma kola ya fulana. Korodani ya kushoto ilikuwa imevimba na kuwa nzito, ikabidi apige pasi akiwa ameweka mguu mmoja juu ya ndoo. Duka la dawa lilikuwa hatua chache kutoka pale, na mwenye duka angempa vidonge bila maswali. Lakini mtu aliye safi hanywi dawa. Akionekana na vidonge, karatasi imekufa.

Kilichokuwa kibaya zaidi ni mawazo yake. Mwanzoni alimwonea mkewe huruma na kujichukia. Siku mbili baadaye alianza kujiuliza. Hivi, yale majibu yake yalitoka wapi? Damu haiwezi kuzua. Si ajabu kweli mkewe alikuwa nacho, akampa yeye, na mtunza mashuka anasingiziwa bure. Alimkumbuka fundi bomba aliyekaa sana dukani mwaka juzi akizungumza na kucheka. Alikumbuka safari ya mkewe ya kwenda msibani, siku mbili akawa nne. Alizikusanya hizo kumbukumbu kama mtu anayeokota vifungo sakafuni, na kadiri alivyopata nyingi ndivyo kifua kilivyokuwa chepesi. Kufikia Alhamisi alikuwa anaweza kumtazama mkewe usoni. Kabla ya hapo alikuwa hawezi.

Mkewe aliona hayo yote. Alimfahamu kama anavyofahamu vitambaa.

* * *

Ijumaa Mama Chapchap aliweka beseni pembeni, akajitanda kanga safi, akaenda zahanati peke yake na karatasi zote mbili. Ya mume aliitoa kwenye mfuko wa shati alipokuwa analipokea lifuliwe.

Muuguzi wa chumba cha magonjwa ya zinaa alikuwa mwanamke wa makamo, macho yamevimba kwa uchovu, amevua kiatu kimoja chini ya meza. Alisoma karatasi haraka, akaziweka pembeni.

"Walichukua damu tu? Mgonjwa hawakumwangalia?"

"Damu tu."

"Haya, nisikilize, maana foleni umeiona mwenyewe. Kingamwili ni kumbukumbu. Damu yako inasema siku moja ulikutana na kijidudu hiki, au na ndugu yake, maana wapo wa ukoo huohuo wanaoleta kikohozi tu. Ni lini? Haisemi. Ni kwa nani? Haisemi. Bado unacho? Haisemi. Na mtu aliyekipata juzijuzi, damu yake bado haijapata habari. Inaweza kuchukua wiki nyingi. Kwa hiyo anaweza kutokwa na usaha mpaka kwenye goti na karatasi ikaandika hana."

Mama Chapchap alizivuta karatasi karibu yake. "Kwa hiyo mimi ni mgonjwa au siyo?"

"Kwa karatasi hii, sijui. Ila unalala na mwanaume anayetokwa na usaha, kwa hiyo nakutibu."

"Na nilikipata kwa nani?"

"Mama..."

"Nimeolewa nikiwa sijamjua mwanaume. Sijatoka nje hata siku moja. Kama nimekipata, ni kwake yeye. Niandikie hivyo."

Muuguzi aliingiza mguu kwenye kiatu, akautoa tena. "Ungependa nikuandikie, na mimi ningependa kukuandikia. Siwezi. Labda ni kwake, miaka hiyo, na yeye akapona au hakujua. Labda ni kikohozi cha utotoni. Hapa nina dawa, sina hukumu."

"Basi niandikie hayo uliyosema sasa hivi. Kwamba damu haisemi."

"Nikiandika, watasoma?"

Mama Chapchap alimfikiria wifi yake, akiinyoosha karatasi mbali na macho. "Hawatasoma."

"Basi mlete yeye. Hatumwingizi kitu chochote, wanaume wanatungiana hadithi. Ni mkojo tu, ule wa mwanzo, usiwe wa katikati." Alivuta droo, akampa kichupa cheupe chenye kifuniko. "Akikataa kuja, leta huu. Kesho tunafunga mchana. Na usichelewe, mama. Kama pumbu limevimba, siyo la kuchekea."

Aliporudi alimfuata mume dukani, akafunga mlango. Alimweleza yote, polepole, bila kupandisha sauti. Dobi alimsikiliza huku akipanga mashati yaliyokwisha kupangwa.

"Kwa hiyo watu wa maabara wote ni wajinga," alisema.

"Sikusema wajinga. Walitafuta sipo."

"Mimi nimeshapimwa."

"Unaumwa, baba watoto. Hata kukaa huwezi."

"Naumwa joto."

Alimtazama, na yeye akamtazama, na kwa muda ambao shati linaweza kukunjwa hakuna aliyejificha. Hapo Mama Chapchap akajua kwamba mumewe hakuwa amedanganywa na karatasi. Alikuwa ameikumbatia.

"Kesho kaka yangu anakuja," alisema.

"Najua."

"Unajua." Akafungua mlango, akarudi kwenye beseni lake.

* * *

Kaka yake alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache, akaja na viatu vyenye saruji iliyokauka kwa kuwa alipitia kazini kuomba ruhusa. Walimpa kiti. Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda chake, mlango wa chumba ukiwa wazi. Dobi alikalia tako moja, kiti kikiwa kimepinda kuelekea ukutani. Vikombe vya chai vilipangwa kwenye meza ndogo, na cha Mama Chapchap hakikuwepo.

Wifi alianza. Alisema hapendi kuvunja nyumba ya mtu. Alisema wao ni watu wa heshima. Alisoma karatasi ya kwanza, akasoma ya pili, akampa mwashi aone mhuri.

Mwashi alizigeuza nyuma na mbele. "Dada, ni kweli haya?"

"Karatasi ni za kweli. Maana waliyowapa siyo." Akaeleza tena, kama alivyoelezwa, na hata lile la kikohozi hakulificha, ingawa lilimpunguzia nguvu.

"Ahaa," wifi alisema. "Sasa imekuwa kikohozi. Na huyo muuguzi wako, alikuwepo wakati unakohoa?"

Mwashi aliangalia viatu vyake. Bibi alitoa mguno.

Mama Chapchap alifungua fundo la kanga, akatoa kichupa, akakiweka mezani katikati ya vikombe. "Akojoe hapa. Hapa hapa nyumbani, sasa hivi. Nitaupeleka mwenyewe kabla hawajafunga. Wakisema ni msafi, naondoka na kaka yangu leoleo, na sidai hata kijiko. Mtoto namwacha. Mmenisikia, mtoto namwacha."

Lile neno la mwisho alilisema ameshika ukingo wa meza.

"Toa uchafu wako mezani, watu wanakunywa chai," wifi alisema.

"Ni kichupa kitupu, wifi. Uchafu bado haujaingia."

Mwashi alikohoa, ingekuwa siku nyingine angecheka. "Shemeji," akamwambia Dobi, "mimi naona hilo ni dogo. Kojoa tu, tuyamalize."

"Siwezi kukojoa kwa amri."

"Asubuhi hii umeshakwenda?"

"Bado, lakini..."

"Basi unao."

"Mwanangu," Bibi alisema kutoka kitandani, "nenda."

"Mama, na wewe?"

"Kichupa hakiumi. Nenda ukakojoe, mwenzako aachwe apumzike, au aende zake. Mimi nimechoka kusikia kopo la dawa."

Dobi alikichukua. Alivuka ua kwa hatua fupi, miguu ameitenganisha, na wote wakaiona ile miguu kwa mara ya kwanza, kana kwamba juma zima alikuwa haendi popote. Mlango wa choo ulikuwa wa bati, mfupi chini, viatu vyake vikaonekana vikijipanga.

Walingoja. Wifi akaanza kuzungumzia bei ya mchele kwa sauti ya juu.

"Nyamaza," mama yake akamwambia.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha likasikika dondoko, likakatika. Kisha kiganja kikapiga bati, paa! na sauti ikamtoka Dobi ambayo mama yake alikuwa hajaisikia tangu alipokuwa mtoto akitolewa mwiba, sauti nyembamba, ya kuomba. Dondoko tena. Kiganja tena. Viatu vilisimamia vidole, vikashuka, vikapanda. Mwashi alisimama na kwenda kuutazama ukuta wa jirani, kama anayekagua matofali. Mama Chapchap hakuondoa macho yake mezani. Alikuwa ameisubiri sauti hiyo juma zima, na ilipokuja hakuona raha yoyote.

Dobi alitoka, uso umelowa jasho. Kichupa kilikuwa na mkojo wa ukungu, nyuzi nyeupe zikielea ndani yake. Alikaa kwenye kizingiti kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

"Hajanywa maji tu huyu," wifi alisema, lakini hakumalizia vizuri.

Bibi alijishika magoti, akasimama kwa taabu, akaja mpaka mlangoni. Alimtazama mwanawe kichwani, kwa juu. "Tangu lini?"

"Mama..."

"Mwenzako alikuuliza, ukamwambia joto. Mimi nakuuliza, tangu lini?"

Dobi alifunika uso.

"Hata hivyo," wifi alisema, akizipunga karatasi, "na ya kwake ni chanya. Hilo halifutiki."

"Halifutiki," Mama Chapchap alisema. "Damu yangu ina alama. Ya lini, sijui. Ya kutoka wapi, sijui, na muuguzi naye hajui. Nimelala na mwanaume mmoja tangu nizaliwe, na amekaa pale kwenye kizingiti. Zaidi ya hapo sina la kukupa, wifi." Akakifunga kichupa kwa nguvu, akakizungushia kitambaa. "Inuka, baba watoto. Wanafunga mchana."

Bibi alivua mtandio wake, akamwekea mkwewe mabegani bila kumwangalia. "Jua kali," alisema.

* * *

Njiani mwashi aliachana nao kwenye njia ya kwenda kazini kwake. Alimpa shemeji yake mkono, halafu akaonekana kujuta. Dada yake alimwambia atampigia simu.

Walitembea polepole, Dobi akisimama kila baada ya nyumba chache. Kitambaa chenye kichupa alikibeba mke; mume hakutaka kuonekana nacho.

"Sikutaka wakuondoe," alisema.

"Ulitaka nini?"

"Sijui. Ile karatasi ilitoka yenyewe."

"Karatasi haikusema 'si nilisema.' Hilo ulilisema wewe."

Mbele kidogo akasema tena, "Ni pale gesti. Kwenye mashuka."

"Sijakuuliza ni wapi."

"Nilitaka ujue."

"Ulitaka kuutua." Akahamisha kitambaa mkono wa pili. "Na mashuka yao nimefua mimi."

Zahanati walikuta benchi limebaki na watu wachache. Muuguzi aliwaita pamoja, akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakitoa kwenda kupimwa. Alimlaza Dobi nyuma ya pazia. Dobi alisikika akiuliza kwa sauti ya kufa, "Kijiti kiko wapi?" na muuguzi akijibu, "Kijiti gani tena, mzee, fungua zipu nione huo uvimbe." Haikuchukua muda. Walirudi mezani, Dobi akishika mkanda, muuguzi akinawa mikono.

"Usaha umeonekana kwenye mkojo, ugonjwa upo. Utapigwa sindano sasa hivi, na vidonge utavimaliza vyote, siyo ukisikia nafuu unaacha. Hakuna kulala pamoja mpaka niwaone tena. Ungechelewa wiki nyingine, hilo pumbu ungelisahau." Alivuta daftari na kalamu. "Dawa nawapa na wenza wote, la sivyo mtarudishiana mpaka mzeeke. Wenza wako ni wangapi?"

Dobi alitazama sakafu. Nje mtu aligonga mlango, muuguzi akamwambia asubiri.

"Baba, wangapi?"

"Andika wawili, dada," Mama Chapchap alisema. "Mimi na huyo wa mashuka."

Muuguzi akaweka kalamu kwenye karatasi.

"Watatu," Dobi alisema.

Kalamu ikasimama. Muuguzi hakuinua kichwa. Mama Chapchap aliukaza mtandio wa mama mkwe mabegani, akakaa vizuri kwenye kiti, mgongo wake ukaegemea ukuta.

"Basi andika watatu," alisema.